Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Haneti,
29 Agosti 2024

Mwanangu Mudrick,

Mbukwa! Salamu zangu zikufikie hapo Majengo, wewe na Hamida na watoto. Mimi mzima isipokuwa masikio, ndiyo maana naandika. Ukinipigia simu nasikia kama mtu anakoroma ndani ya debe. Barua hii nampa kondakta wa basi, ananijua, hataipoteza.

Mwanangu, ile amplifaya ya kanisa imekufa.

Jumapili ilikuwa sikukuu yetu ya mavuno. Watu walijaa, wengine wametoka Itiso na punda. Kama ilivyo desturi tulifungua kwa ule utepe wa mwaka 1981, marehemu mke wangu Evodia akiwaongoza akina mama kwenye ngoma ya muheme. Unaujua vizuri, aliyeurekodi ni baba yako Abbasi. Wimbo wa pili haukufika katikati. Nilikuwa nimekaa nyuma ya mashine kama siku zote, nikaziona zile taa nne za kioo, mnazoziita valvu, zina wekundu ambao sijawahi kuuona. Si ule mwanga wake mdogo. Bati lenyewe la ndani lilikuwa jekundu, kwanza moja, kisha zote nne. Kabla sijaifikia swichi, spika ikapiga mlio mmoja mkubwa na moshi ukatoka upande wa transfoma. Harufu yake bado iko kwenye koti langu.

Wewe uliirudisha tarehe kumi Julai, ikiimba vizuri kuliko ilivyowahi. Sikulaumu. Nauliza tu kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa: imepatwa na nini? Angelina, katibu wetu wa kwaya, alishaniwekea wimbo huohuo kwenye simu yake. Namshukuru, ila kwenye simu sisikii kitu. Kwenye amplifaya ile naweka kiganja mezani na ninamsikia mke wangu vizuri kabisa.

Ni mimi mzee wako,
Gerson Ndahani,
Mtunza vyombo vya kwaya


Majengo, Dodoma,
4 Septemba 2024

Mzee wangu Gerson,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nakala ya jibu hili nampelekea Bi Angelina ili kamati nayo ielewe.

Nimesikitika sana. Lakini mzee wangu, niseme wazi, maana jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka hili ni la marehemu baba na mimi ndiye niliyebaki kulilinda. Mashine ilitoka hapa ikiwa sawasawa.

Nieleze kidogo. Hizi valvu hata kabla wimbo haujapita tayari zinakunywa umeme taratibu. Kiasi hicho baba alikuwa akikiita kikao cha taa. Ikikaa chini mno sauti inakwaruza, ikikaa juu mno inajipika yenyewe mpaka inakuwa nyekundu, kama ulivyoiona. Kazi ya fundi ni kupima kwa mita na kukaza au kulegeza skrubu ndogo, moja kwa kila taa, mpaka zote nne zikae pamoja. Zako niliziweka kwenye miliampu arobaini, na daftari langu liko hapa mbele yangu: umeme wa ukutani 230, taa ya kwanza arobaini, ya pili arobaini, ya tatu arobaini, ya nne arobaini. Daftari haliongopi.

Sasa kikao cha taa hakihami chenyewe kama mbuzi. Zikiwa nyekundu zote nne kwa mpigo, ujue kuna mkono umezungusha zile skrubu. Mimi sisemi ni mkono wa nani. Mnajua wenyewe nani ana ufunguo na nani ana bisibisi.

Mniletee mashine niitazame.

Wako,
Mudrick Abbasi


Haneti,
15 Septemba 2024

Fundi Mudrick,

Salaam. Asante kwa barua yako ya tarehe nne. Umetueleza kitaalamu, hata sisi tusiosomea umeme tumeelewa.

Niliisoma mbele ya kamati Ijumaa ya tarehe sita, na Jumapili ya tarehe nane baada ya ibada kasisi akataka isomwe kwa kwaya nzima, kwa kuwa maneno yalishaanza kuzunguka. Ufunguo wa stoo ya vyombo uko mmoja, na miaka thelathini na mbili umekuwa kwa Babu Gerson. Nilipofika pale uliposema kuna mkono, kila mtu aliangalia chini. Hakuna aliyemtaja. Akainuka mwenyewe. Akasema, "Ni mimi. Mashine nimeiua mimi, msimtafute mwingine." Tukamuuliza, Babu, ulizungusha skrubu? Akasema, "Niliigusa. Niliigusa mara nyingi." Fundi, yule mzee alilia kama mtoto, na sisi tukabaki tumekaa.

Kamati ikaamua arudishe ufunguo na apumzike kwenye uongozi wa kwaya. Mimi ndiye niliyeupokea kwake. Alikuwa ameufunga kwenye kitambaa. Tangu siku hiyo hajaja kanisani.

Mashine inakuja na basi la Alhamisi, nimeiviringishia magodoro mawili. Tunakushukuru kwa kusema ukweli, la sivyo tungekulaumu wewe bure.

Angelina Masinga,
Katibu


Majengo, Dodoma,
23 Septemba 2024

Bi Angelina,

Mashine imefika salama. Nimeifungua. Transfoma ya spika imeungua, taa mbili zimekwisha. Inaweza kusukwa upya ila itachukua muda.

Kuhusu chanzo, bado naangalia. Nawaomba mzee msimsumbue sana. Umri ule.

Mudrick


Haneti,
12 Oktoba 2024

Mwanangu Mudrick,

Nakuandikia kukuomba radhi.

Nimekaa na jambo hili nikaona si vizuri nimeomba radhi kwa kanisa, wewe uliyefanya kazi sijakuomba. Kazi ya mikono yako nimeiharibu, na ya mikono ya marehemu baba yako. Abbasi alikuwa akija huku kwa baiskeli kutoka Kondoa enzi zile, anapima mashine yetu kutwa nzima, anakula kwetu ugali wa uwele, halafu anakataa kuondoka mpaka asikilize wimbo mmoja. Angeniona leo angesema nini?

Nilifungua kile kifuniko, mwanangu. Nilizifuta zile taa kwa kanga ya marehemu, kila mara kabla ya kuziwasha, kwa sababu vumbi la huku unalijua. Skrubu zenyewe sikumbuki kama nilizigusa. Labda kanga ilizivuta. Wewe umesema kuna mkono, na mkono uliokuwa mle ndani ni wangu peke yake, basi ndiyo huo.

Ufunguo nimerudisha. Sina kinyongo, hata na Angelina, yule ni kama mwanangu. Lakini kukaa hapa siwezi tena. Nikipita sokoni watu wananiamkia shikamoo upesi upesi, halafu wanatafuta pa kutazama. Binti yangu Anyesi wa Bahi ameniambia nihamie kwake. Mbuzi nimeshawagawa. Nyumba nitaifunga. Naondoka mwanzoni mwa Novemba, kabla mvua haijaharibu njia, na sidhani kama nitarudi Haneti nikiwa natembea kwa miguu yangu.

Ombi langu ni moja. Ukiweza kuifufua, waambie wasiwashe kila siku. Na kama una nafasi waletee balbu imara, maana hata balbu za kanisani haziishi. Tangu Pasaka zimeungua tano, zinawaka nyeupe sana kisha zinakufa. Tangu watu wa umeme wasogeze nguzo ya transfoma pale mlangoni pa kanisa tumekuwa watu wa kununua balbu tu.

Nisamehe.

Gerson


Majengo, Dodoma,
21 Oktoba 2024

Mzee wangu, baba yangu Gerson,

Shikamoo. Shikamoo mara mia, na sistahili uiitikie.

Nimeandika barua tatu kabla ya hii na zote nimezichana. Ya mwisho Hamida aliisoma akacheka kwa hasira. Niliandika "hitilafu za kiufundi zilizochangiwa na mazingira". Akaniuliza, "Mazingira ndiyo yaliyomliza mzee?" Basi hii naiandika kama mtu anavyosema na baba yake.

Hukuiua mashine. Niliiua mimi.

Nikimaliza kuweka zile skrubu, huwa natia tone la rangi ya kucha juu yake, nyekundu, naiba kwenye kichupa cha Hamida. Ikikauka, skrubu haizunguki mpaka rangi ipasuke. Ni kazi ya baba hiyo, alinifundisha. Mashine ilipofika hapa mwezi wa tisa nilifungua kifuniko nikatazama. Rangi ilikuwa nzima, mzee wangu. Matone manne, hakuna lenye ufa. Hakuna mkono uliogusa. Kanga yako haikuvuta kitu. Kufuta vumbi hakuui taa hata ukifuta mwaka mzima.

Nilijua siku ileile. Tarehe ishirini na tatu nikamwandikia Bi Angelina "bado naangalia". Nilikuwa siangalii chochote. Nilikuwa nimemaliza kuangalia, natafuta pa kujificha.

Sasa nikuambie nilichofanya. Siku ile ya Julai ilikuwa saa tisa alasiri. Jirani yangu anachomelea mageti, na mashine yake ikiwaka umeme wa mtaa mzima unashuka. Baba alikuwa na sheria moja: pima ukuta kabla ya kupima taa. Maana umeme wa ukutani ukiwa mdogo, taa zinakunywa kidogo, fundi anadhani zimekaa chini, anazifungulia skrubu zinywe zaidi. Halafu ukizipeleka mahali penye umeme mkubwa zinakunywa mpaka zinaungua. Hiyo ndiyo sababu baba alishinda kwenu kutwa nzima. Alikuwa anapima ukuta wa Haneti asubuhi, mchana na jioni, kisha anachagua kikao. Mimi nilipimia Majengo.

Na hata huku sikupima ukuta. Nilikuwa na safari ya Kondoa, harusi ya binamu, gari linanisubiri linapiga honi. Ile namba 230 niliiandika daftarini kabla sijashika mita, kama mtu anayejibu "nzuri" kabla hajaulizwa habari. Mita ikaonyesha taa zinakunywa ishirini na sita tu. Nikazungusha. Nikazungusha mpaka arobaini. Na feni yangu ya dukani, mzee, ilikuwa inazunguka kivivu juu ya kichwa changu, panga zake unaweza kuzihesabu. Niliiona. Hili ndilo linaloninyima raha, kwamba niliiona na nikaendelea. Kisha nikakuambia daftari haliongopi.

Balbu zenu tano zimenimaliza. Ulipoandika habari za balbu na nguzo mlangoni nilijua umeme wenu ni mkubwa kuliko wote ninaoujua, na taa za mke wako nilizipeleka hapo zikiwa zimefunguliwa kupita kiasi. Zilikuwa zinajipika tangu siku ya kwanza. Wewe ulikuwa unazifuta vumbi kwa kanga na mimi nilishaziua.

Ningekuja mwenyewe kusema haya, ila niliogopa kwamba nikifika mtanikaribisha chakula, na nikishakula kwenu sitasema. Kwa hiyo nimeandika. Nakala nampelekea Bi Angelina kwa basi hilohilo, na ninamwomba aisome palepale aliposoma ile ya kwanza, kwa watu walewale, neno kwa neno, pamoja na hili la feni. Mashine nitaileta na matone yake manne nikiwa sijayagusa. Kila mtu atayaona kwa macho yake.

Watu wakisikia, sijui nani ataniletea tena hata redio. Iwe hivyo. Jina la baba nililifunika kwa aibu yako, na hilo lilikuwa baya kuliko kuunguza transfoma.

Usihame, mzee wangu. Tafadhali usihame kwa ajili yangu.

Mwanao, kama bado unanikubali,
Mudrick


Haneti,
5 Novemba 2024

Mudrick,

Leo sikuiti fundi.

Barua yako ilichelewa. Basi liliharibika Chamwino, mizigo ikakaa stendi siku tisa. Babu Gerson aliondoka tarehe mbili. Alipita kwangu asubuhi kuniachia chungu cha marehemu Bibi Evodia, akasema kisipotee. Mimi nikamwambia safari njema. Unasikia? Nikamwambia safari njema!

Nimeisoma barua Jumapili kama ulivyotaka, neno kwa neno. Nilipofika kwenye feni nilimpa karatasi mzee Ebenezer wa kamati, akamalizia. Hakuna aliyekutukana. Ingekuwa afadhali. Bibi mmoja wa sauti ya pili akasema, "Na sisi je? Tulimwona akilia, nani aliuliza aliigusaje?" Hapo ndipo tulipoanza kulia wenyewe. Wewe uliandika neno moja, kuna mkono. Lakini ufunguo niliupokea mimi, kwa mkono huu. Miaka thelathini na mbili, hata chaki moja haijawahi kupotea mle stoo, na sikujiuliza mara mbili.

Nimekukasirikia na bado nina hasira. Hata hivyo barua uliyomwandikia Babu haijakaa hapa. Nimempa Ulimboka wa bodaboda aipeleke Bahi mkononi, na ndani nimeweka ufunguo, kwenye kitambaa kilekile.

Angelina Masinga


Bahi,
14 Novemba 2024

Mwanangu Mudrick,

Marahaba. Nimeitikia, usiseme tena hustahili.

Barua yako nimeisoma mara nne, nyingine nikamwomba Anyesi anisomee kwa sauti ya juu, nihakikishe macho hayanidanganyi. Sasa nami nikuambie ambalo sikuliambia kanisa.

Nilipoinuka siku ile na kusema ni mimi, sikuwa nasema habari za skrubu. Hata sizijui zilipo. Tangu uilete mashine mwezi wa saba nilikuwa naingia stoo karibu kila alasiri, nafunga mlango, nawasha, namsikiliza Evodia. Si kwa kazi ya kanisa. Kwa ajili yangu tu. Umeme wa kanisa, mashine ya kanisa, utepe wa kanisa, na mimi nimeweka mkono mezani kama mwizi. Tangu afariki mwaka 2019 sikuwa nimemsikia hivyo, maana mashine ilikuwa mbovu. Ulipoitengeneza ilikuwa kama amerudi. Sauti ilikuwa kubwa, nene, hata masikio yangu haya yaliipata bila shida. Kumbe ni hizo taa zilikuwa zinaungua.

Basi moshi ulipotoka mbele ya watu wote nilijua, nikasema Mungu amenionyesha. Nimemsikiliza mno. Nimemtumia peke yangu mpaka nimemmaliza, na wengine wamekosa. Ndicho nilichomaanisha niliposema niligusa mara nyingi. Barua yako ya kwanza ilinikuta nimeshajihukumu, ikanikabidhi kamba tu.

Ninakuandikia hili si kukupunguzia. Kusamehe nimekusamehe, ila uchungu bado upo, na sitakuambia umekwisha, tumeshadanganyana vya kutosha. Ulikaa na yale matone manne mwezi mzima wakati mimi nagawa mbuzi. Hilo litachukua muda.

Lakini sikiliza. Miezi hii miwili, wimbo wake ukinijia kichwani nilikuwa naufukuza. Naanza kuhesabu, au namwita mjukuu, ili nisimsikie hata humo, nisije nikamharibu na humo pia. Jana, baada ya kusomewa, nilitoka nikaenda majarubani, mpunga bado haujapandwa, ardhi kavu tu na ng'ombe. Nikauachia uje. Nikauimba wote, ubeti wa pili pia, ule tuliokatishwa siku ya mavuno. Anyesi ameniambia nilikuwa naimba kwa sauti ya juu sana, watu wa barabarani walisimama. Mimi sikujua, sisikii.

Ufunguo umefika. Narudi Haneti Jumamosi ya tarehe thelathini, Ulimboka atanifuata. Njoo na mashine siku hiyo ukiwa umeshaisuka, uje asubuhi. Utapima ukuta kwanza, kisha mchana, kisha jioni, kama Abbasi, nami nitakuwa nimekaa hapo nikikutazama. Chakula utakula, tumeshasema yaliyokuwa ya kusema.

Ukimaliza kuweka kikao, usitie rangi kwanza. Washa utepe. Nataka tukae wote wawili mlango ukiwa wazi, kila apitaye aone ninamsikiliza mke wangu.

Gerson Ndahani